Nafasi Iliyolipiwa

Kila kikundi kina mtu mmoja asiyependwa na yeyote mpaka siku ya kuhesabiana. Katika kikundi cha vijana cha mtaa ule, mtu huyo alikuwa dada wa duka la fotokopi, ambaye wenzake walimbatiza jina la Senti. Ukimlipa pungufu atakwambia mbele za watu, ukimlipa zaidi atakukimbiza barabarani akurudishie, na ukimwambia utamletea kesho, atakuuliza kesho saa ngapi.

Kwa hiyo kikundi kilipokata shauri kwenda milimani, kulala kwenye mahema na kuteremka jabali kwa kamba, hakuna aliyebishana kuhusu nani ataandikisha watu na kushika pesa. Walimtazama wote kwa pamoja kama vifaranga wanavyomtazama mama yao. Senti akashusha pumzi, akasema, "Sawa. Lakini atakayeniita mchoyo nitamwandika wa mwisho."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuota mvi. Aliifanya palepale dukani, kati ya mteja wa nakala za cheti na mteja wa kubandikiwa picha. Muuza Mayai alilipa kwa sarafu, kila jioni kiganja kimoja, zikiwa bado na vumbi la maranda ya banda la kuku. Mmoja alimwandikisha mchumba wake bila kumwambia, kisha mchumba akaja dukani kujiondoa kwa kelele. Mwingine hakulipa hata kumi, lakini kila siku alipita kuuliza kama kule juu mtandao unashika.

Wa kwanza kulipa alikuwa Kinyozi. Alikuja siku ileile ya tangazo, aproni bado shingoni na nywele za watu begani, akaweka pesa zote juu ya kaunta.

"Niandike wa kwanza, Senti. Nisije nikabadili mawazo."

"Hutaki kulipa kidogo kidogo kama wenzako?"

"Mimi nikilipa kidogo, naogopa kidogo kidogo. Bora niogope mara moja."

Tangu siku hiyo kila aliyekalia kiti chake alisimuliwa habari za jabali, namna kamba inavyofungwa, namna mtu anavyoligeuzia bonde mgongo na kutembea ukutani kama mjusi. Watu walisikiliza. Mtu mwenye wembe shingoni mwako humbishii.

Kisha Kinyozi akafa. Homa ilimwingia kama mchezo, akasema ni uchovu tu, akameza vidonge akaendelea kunyoa. Wiki haikuisha wakamzika. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa ametangulia zamani, na nyumbani alibaki mama yake peke yake, dobi wa hospitali, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kinyozi hata kabla msiba haujalifanya jina hilo kuwa zito kulitamka.

Matanga yalipokwisha, Mwenyekiti wa kikundi alipita dukani. Alikuwa wakala wa bima, kijana mtanashati mwenye sauti ya kumshawishi mtu aone kifo ni jambo la kupangilia. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yakae sawa.

"Irudishe ile pesa kwa familia," alisema kwa upole. "Kuna mwenzangu ofisini anaitaka hiyo nafasi. Ndiyo hivyo, imepatikana."

Neno hilo, imepatikana, lilimkaa Senti kooni kama mwiba wa samaki. Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa pesa irudi. Jioni alifunga duka, akaiweka kwenye bahasha safi, akaenda.

Mama Kinyozi alikaa kwenye vyumba viwili mwisho wa ukumbi mrefu, palipokuwa na kamba za nguo huku na huku hata ilibidi mtu ainame. Senti alimkuta anapiga pasi sare za wauguzi, kazi ya ziada aliyoifanya baada ya zamu. Chumba kilinuka wanga na moto. Mikono yake ilikuwa minene, ngozi ya vidole imekunjamana kwa sabuni ya miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza hizo nguo ukae."

Senti aliketi ukingoni mwa kiti, akaweka bahasha mezani. "Nimeleta pesa za safari. Zake."

Pasi iliendelea kwenda na kurudi. "Alikuwa anakudai?"

"Hapana, mama. Alilipa, na sasa kwa kuwa..."

"Kwa kuwa amekufa. Sema tu, mwanangu. Neno hilo halinikati tena, limeshakata likamaliza." Aligeuza kola ya sare. "Alilipa zote?"

"Zote. Tena wa kwanza."

Mama Kinyozi akatoa kicheko kifupi cha puani. "Mwone! Kodi ya nyumba tulikuwa tunavutana mpaka mwenye nyumba anachoka. Lakini jabali kalilipia lote!" Akainyanyua pasi, akaisimamisha. "Na hiyo nafasi yake bado ipo?"

"Ipo, mpaka nilifute jina."

"Usilifute. Nitakwenda mimi."

Senti alitabasamu, akidhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu. Lakini mama hakutabasamu naye.

"Miezi yote hii kanisumbua na hilo jabali," alisema. "Natoka kazini mikono imenivimba, nataka kulala, yeye ananivuta nitazame anavyofunga fundo kwenye mguu wa kitanda. Namwambia, mtoto we, niache nilale. Haya, nimeachwa. Nalala mpaka basi. Sitaki tena kulala."

"Mama, lakini ile ni safari ya vijana."

"Ujana wangu niliuweka chini nikambeba yeye mgongoni. Sijawahi kurudi kuuokota. Kwani umeniona nimeutumia wapi?"

Senti alitafuta neno la kumzindua mzazi bila kumvunjia heshima. Mwishowe akaichukua bahasha na kuirudisha mkobani, na alipokuwa akiinama chini ya zile kamba za nguo kutoka nje, aligundua kwamba hakuwa amekubali kwa huruma. Alikuwa amekubali kwa sababu mama yule alisema kweli. Nafasi imelipiwa. Aliyelipa hayupo, na mrithi wake kasema haitaki pesa, anaitaka nafasi. Kuna ugumu gani hapo? Kesho yake dukani hakulifuta jina la Kinyozi. Aliandika pembeni yake: mama yake.

Siri haikai mtaani. Hazikupita siku nyingi akaingia dukani mwanamume mnene, kavaa koti la suti juu ya shati lisilofungwa vifungo. Senti alimtambua kutoka msibani. Alikuwa mdogo wa baba yake Kinyozi, aliyekuja mazishini na daftari la michango na kuondoka nalo.

"Wewe ndiye mwenye pesa ya marehemu?"

"Shikamoo. Nina nafasi ya marehemu. Pesa sina."

"Usinichezee maneno, binti. Mimi ni baba yake mdogo. Mali ya marehemu ni ya ukoo."

"Ukoo ulichangia safari yake?"

Mwanafunzi aliyekuwa akisubiri nakala alisogea kidogo ili asikie vizuri.

"Unajua unaongea na nani?" aliuliza baba mdogo, sauti ikipanda.

"Naongea na mtu aliyesimama mbele ya mashine. Kuna watu wana haraka nyuma yako, baba."

"Nitakwenda polisi! Nitasema umekula pesa ya maiti!"

"Ukitoka hapo mlangoni pinda kulia, ukivuka barabara utaona mlango wa bluu," Senti alisema, huku akigeuza cheti cha mteja upande wa pili na kufunika mashine. "Waambie kijana alilipia safari, na mama yake anakwenda kwenye safari hiyohiyo, na wewe unataka nauli yake. Wakimaliza kucheka nitumie mtu, nitafunga duka nije."

Watu waliangua kicheko. Baba mdogo alimnyooshea kidole, akatoka. Senti akampa mteja cheti chake na nakala yake. Hakuwahi kumjibu mtu mzima namna ile tangu azaliwe. Aliona haya kidogo, na chini ya ile haya aliona raha ambayo hakuitegemea.

Mkutano wa mwisho wa maandalizi ulifanyika darasani, katika shule waliyoazimwa mwisho wa juma. Watu wazima waliminyana kwenye madawati ya watoto. Mbele alikuwepo Mwenyekiti na makaratasi yake, na pembeni yake mwanamke mfupi, mkavu, aliyechomwa na jua, ambaye wote walimwita Kamba. Ndiye aliyekuwa amekodiwa kuwaongoza milimani.

"Kabla ya mengine," Mwenyekiti alianza, "kuna jambo la ile nafasi. Sisi sote tuna majonzi. Lakini majonzi yana mahali pake, na safari ina mahali pake. Mimi nashughulika na bima, najua. Mtu wa umri ule akiteguka mguu tu, nani atawajibika? Namwomba mhazini alifute jina, arudishe pesa, tusonge mbele."

Wengine waliguna kuunga mkono. Wengine walitazama viatu vyao. Na kabla Senti hajasimama, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Kinyozi, kitambaa cha kazi bado kichwani, akaangalia huku na huku na kuketi dawati la mbele kabisa.

"Mama," Mwenyekiti alisema, akishusha sauti, "kwa heshima zote, hukupaswa kuhangaika kuja. Ombi lako..."

"Mimi sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza tunaondoka saa ngapi."

Mtu mmoja nyuma alipiga chafya ya kuficha kicheko.

"Mama, tatizo ni umri."

"Hiyo kamba inauliza umri?"

Macho yote yalimgeukia yule mwongozaji. Kamba alikuna shingo. "Inauliza kilo," alisema. "Umri haijawahi kuniuliza. Mimi sharti langu ni moja. Kila Jumapili mpaka tuondoke, mnapanda kile kilima cha machimbo ya kokoto, kila mtu na mzigo wake. Asiyefika juu haendi, awe kijana awe nani."

Mwenyekiti alitabasamu kwa subira, tabasamu la mtu anayeelezwa kazi yake. Alimwendea Senti, akainama, akanong'ona kwa ukali, "Mfute. Umesikia? Mimi ndiye mwenyekiti hapa."

Senti hakunong'ona. "Kalamu hii hapa," alisema, akaisukuma orodha mbele yake. "Mfute mwenyewe. Yupo mbele yako, mtazame halafu umfute. Na ukishamfuta, kila mtu humu atapokea pesa yake mkononi mwangu leo hii, kwa sababu kwangu mimi nafasi iliyolipiwa ni ya aliyelipa na wa kwake. Kama hiyo inaweza kuchukuliwa kwa sababu mwenye nayo hawezi kujitetea, basi hakuna nafasi ya mtu yeyote hapa. Utaanza kukusanya upya wewe. Nakutakia kila la heri na sarafu za Muuza Mayai."

"Na mimi nimefanya nini sasa?" Muuza Mayai aliuliza, na darasa zima likacheka, isipokuwa Mwenyekiti, Senti na Mama Kinyozi.

Mwenyekiti aliichukua kalamu. Aliishika juu ya lile jina, akaangalia dawati la mbele. Mama Kinyozi alimtazama bila kupepesa, si kwa hasira wala kwa kubembeleza. Alimtazama kama anavyotazama doa kwenye shuka, akisubiri kuona kama litatoka. Kinyozi ndiye aliyekuwa akimnyoa Mwenyekiti kila Jumamosi. Hata nywele alizokuwa nazo siku ile, zilizoanza kuvuka masikio, zilikuwa bado hazijapata mkono mwingine.

Akaiweka kalamu chini.

"Jumapili," alisema. "Asipofika juu ya kilima, sitaki kusikia neno."

Jumapili ya kwanza ilikuwa mateso. Kilima kile hakikuwa na kivuli, na kokoto zilikimbia chini ya miguu, ukipanda hatua moja unarudishwa nusu. Kila mmoja alibeba mfuko wenye mawe. Nusu ya njia Mama Kinyozi alisimama, akashika magoti, akatapika. Senti, aliyekuwa nyuma yake naye akihema kama mbuzi wa mnadani, alikimbia kumshika mgongo.

"Mama, imetosha," Mwenyekiti aliita kutoka juu. Sauti yake haikuwa ya kejeli. "Umejitahidi. Imetosha."

Mama Kinyozi alijifuta mdomo kwa kiganja. "Imetosha nini? Nimepunguza mzigo tu."

Akaendelea. Alifika wa mwisho, wenzake wameshakaa wamevua viatu, wengine wameshaanza kupiga picha. Hakuna aliyepiga makofi. Muuza Mayai alimpa chupa ya maji, akanywa yote, akauliza kama Jumapili ijayo ni saa ileile. Na Jumapili iliyofuata alifika wa mwisho tena, na iliyofuata vilevile. Lakini wenzake hawakuwahi tena kumaliza kuvua viatu kabla hajafika.

Asubuhi ya safari basi dogo lilisimama mbele ya duka la fotokopi. Senti alisimama mlangoni akiita majina na kuhakikisha kila mtu ana blanketi. Mama Kinyozi alikuja na begi la mwanawe, na suruali ya mwanawe, imekunjwa chini mara mbili na kukazwa kiunoni kwa utepe wa hospitali. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi pale baba mdogo alipojitokeza, koti lake la suti likiwa limefungwa vifungo vyote safari hii, akashika mlango.

"Shemeji, shuka."

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Shuka, nimesema! Mjane mzima unavaa suruali, unapanda milima na watoto! Utatutia aibu ukoo mzima. Watu watasema umerukwa na akili."

Mama Kinyozi hakushuka, wala hakupanda. Aligeuka palepale ngazini, hata akawa mrefu kumpita.

"Shemeji, ulipokuja msibani uliuliza mashine zake za kunyolea ziko wapi kabla hujauliza mtoto alikufaje. Nilikusikia. Nilikuwa nimejifunika shuka lakini sikuwa nimeziba masikio. Aibu uliileta wewe, imejaa nyumba nzima, sina pa kuweka nyingine."

"Ukirudi utakuta kikao! Tutakuita na utajibu!"

"Kiiteni. Mimi nitakuja kama nilivyo."

Baba mdogo bado hakuachia mlango. Ndipo Mwenyekiti aliposhuka kutoka kiti cha mbele. Senti alijiandaa kwa mabaya, maana alijua ni mtu wa kutaka kila kitu kiishe kwa amani, na amani mara nyingi hulipwa na mnyonge. Mwenyekiti alimwekea baba mdogo mkono begani, akasema kwa ile sauti yake ya bima.

"Mzee, samahani. Abiria wetu anachelewa."

Alisema hivyo tu, akautoa ule mkono mlangoni, kidole kimoja kimoja, kwa adabu zote. Dereva akapiga honi. Mama Kinyozi akaingia.

Jabali lilikuwa refu kuliko lilivyosimuliwa. Walilifikia kwa juu, siku ya pili, baada ya kulala kwenye mahema yaliyovuja. Lilikatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu, na chini kabisa miti ilionekana kama mboga. Kamba alifunga vifaa vyake kwenye mwamba, akavijaribu kwa uzito wake mwenyewe, kisha Mwenyekiti akatangulia kuteremka ili awe wa kushika kamba ya usalama kule chini. Aliteremka vizuri, bila maringo.

"Mhazini, ita," alisema Kamba. "Kwa mpangilio wowote unaotaka."

Senti aliita kwa mpangilio wa malipo, kwa sababu huo ndio aliokuwa nao. Alifungua orodha, na jina la kwanza likamtazama. Alikuwa amelijua siku zote kwamba ni la kwanza, lakini hakuwa amefikiria kwamba atalazimika kulitamka kwa sauti, juu ya mlima, mbele ya watu. Akaliita. Akaliita lote, jina la Kinyozi na la baba yake, kama alivyoliandika siku ile ya aproni.

Upepo ulipita. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Nipo," akajibu Mama Kinyozi.

Akajitokeza mbele, akavalishwa kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani. Aliligeuzia bonde mgongo, akakaa kwenye kamba, akaanza kutoweka ukingoni: kwanza miguu, kisha kifua, mwisho ile kofia. Walimsikia akishuka, viatu vikikwaruza mawe. Kisha havikukwaruza tena.

Senti alilala kifudifudi, akachungulia. Mama alikuwa katikati ya ukuta, amejibana kwenye mwamba, mikono imeshika kamba kama anayekamua shuka zito.

"Mama!" Senti aliita. "Mama, uko sawa?"

Jibu halikuja kwake. Mama Kinyozi alikuwa ameinua uso, anaongea na mtu mwingine kabisa.

"Mwongo wewe!" alipiga kelele, na bonde likarudia. "Mwongo! Ulisema ni kama kushuka ngazi! Ngazi gani hii? Ndiyo hii uliyokuwa unaniamshia usiku? Unaniachia shangazi zako, unaniachia mwenye nyumba, unaniachia na hili jiwe lako! Nani alikutuma uondoke? Nani alikupa ruhusa? Mimi sikukupa!"

Juu wote walikuwa wamesimama kama miti. Muuza Mayai alilia waziwazi, akijifuta kwa mkono wa shati. Kule chini Mwenyekiti alikuwa ameikaza ile kamba kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinuliwa.

Kamba aliinama ukingoni. "Mama," alisema bila kupaza sauti, "endelea kumgombeza. Ana makosa, nimemsikia. Lakini mguu wa kulia ushuke kidogo."

Kisha kiatu kikakwaruza.

"Vizuri. Sasa wa kushoto. Mgombeze tu."

Na akaendelea kumgombeza, hatua kwa hatua, kwa makosa yote aliyowahi kuyafanya tangu utotoni: vyombo alivyovunja, shule alizotoroka, wachumba aliowakataa, zile nywele za watu alizoziingiza kitandani. Sauti ilizidi kuwa ndogo kadiri alivyoshuka, hata mwisho juu hawakusikia maneno tena, walisikia mvumo tu. Walimwona akigusa ardhi. Walimwona Mwenyekiti akimfungua mikanda, kisha akabaki amesimama mbele yake bila kujua mikono aiweke wapi, mpaka mama akamvuta kichwa na kukilaza begani mwake.

Senti alishuka wa mwisho, baada ya kila aliyelipa kushuka. Aliogopa hata akasahau jina lake, na kuhusu safari yake ya ukutani hakuna la kusimulia ila kwamba alifumba macho. Chini alimkuta Mama Kinyozi amekaa juu ya jiwe, macho mekundu, anakunywa maji.

"Mama, je, ni kama ngazi?"

Mama alifikiri. "Hapo mwisho mwisho," alisema. "Kidogo."

Kikao kweli kiliitwa. Jioni waliyorudi, viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa mlangoni mwa vile vyumba viwili, na sauti za watu wa ukoo zilisikika ndani. Senti, aliyekuwa amemsaidia mama kubeba begi, alitaka kuaga.

"Uende wapi? Ingia," Mama Kinyozi alimwambia. "Pesa uliwanyima peke yako, matusi tutagawana."

Akaingia bila kunawa, tope mpaka magotini, akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha mwanawe, ambacho tangu msiba hakuna aliyekuwa amekikalia. Baba mdogo alikohoa kusafisha koo.

"Tumekaa kama ukoo," alianza, "tukaona kwamba wewe sasa huna mtu wa kukuongoza. Ufunguo wa banda la kunyolea utatukabidhi sisi, na vyumba hivi utavirudisha kwa mwenyewe, uhamie kwangu, ukae kwa adabu pamoja na wake zetu."

"Banda nimelipangisha kwa kinyozi mwingine kabla sijaondoka," Mama Kinyozi alijibu. "Vyumba nalipia kwa mikono yangu, sijawahi kumtuma mtu kwako. Na kuhusu kuongozwa, juzi nimening'inia kwenye kamba kati ya mbingu na ardhi, nikashuka kwa miguu yangu. Kwa hiyo sema shemeji, lakini usiniambie neno la kunitisha. Nimetoka kutishwa na kitu kikubwa kuliko wewe."

Baba mdogo aliwageukia wenzake kutafuta msaada. Shangazi mkubwa, bibi mwenye sauti ya mkwaruzo, alijisogeza mbele kwenye mkeka.

"Hebu ngoja wewe," alimwambia baba mdogo, kisha akamgeukia Mama Kinyozi. "Wifi, hiyo kamba yenyewe wanakufunga wapi?"

"Kiunoni, na huku mapajani."

"Na haikatiki?"

"Haikatiki, wifi. Inabana tu."

"Mm!" alisema shangazi mkubwa. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu akaona si ghali sana.

Baba mdogo alianza upya, tumekaa kama ukoo, lakini Mama Kinyozi alikuwa ameshasimama. Alisema amechoka, ananuka moshi wa kuni, na asubuhi ana zamu. Aliwaaga mmoja mmoja kwa heshima, akachukua ndoo na taulo na kutoka nje. Punde wakasikia maji yakimwagika bafuni, mengi, bila ubahili, na hakuna mle chumbani aliyejua kama kikao kimekwisha au bado.